Mume Mkatoliki, mke Mlutheri, na mtoto yuko njiani: tusali wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mume wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Tulifunga ndoa Januari mwaka huu parokiani kwao, na sasa tumepanga Pasua, Moshi. Yeye anaongoza wageni kwenye Mlima Kilimanjaro. Akipanda anakaa siku sita hadi nane, kwa hiyo Jumapili nyingi niko peke yangu. Kabla ya ndoa nilikuwa mwanakwaya na sikukosa maombi ya alfajiri, ila sasa naona nimepoa kabisa. Tukijaribu kusali pamoja hatufiki mbali. Nikiomba mimi anasema namhubiria, akisali yeye anasema zile sala za kukariri. Hata Baba Yetu tunapishana katikati, tunanyamaza. Pasaka, yeye akiwa mlimani, nilikwenda kusali kwetu Machame bila kumuaga mama mkwe, na hajanichangamkia mpaka leo. Anasema mke hufuata mume. Michango nadaiwa pande zote mbili. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano na kila upande umeanza kuuliza mtoto atabatizwa wapi. Je, nihamie tu kwa mume ili amani ipatikane?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito.

Naanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usihame kanisa kwa ajili ya kutafuta amani. Siku ukihama kwa kuwa umefundishwa, umeamini na moyo wako umeridhika, mimi Mlutheri mwenzako sitakuwa na kinyongo nawe hata kidogo. Lakini ukihama ili mama mkwe akuchangamkie, utakuwa umetoa dhamiri yako kulipia uso wa mtu, na huo uso unaweza kununa tena mwezi ujao kwa jambo lingine kabisa. Kanisa Katoliki lenyewe halikutaki kwa namna hiyo. Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 748, inakataza mtu kulazimishwa kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Katiba ya nchi nayo, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua mambo ya dini. Mkwe akisema lake, wewe hujavunja sheria ya Kanisa wala ya nchi kwa kubaki ulivyobatizwa.

Hata hivyo usimwone mama mkwe kuwa adui wa wokovu wako. Kwetu uchagani mwanamke huolewa na ukoo. Unakuwa wa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha huko, watoto wanachukua jina la huko, na ukifa unazikwa huko. Kwa mama aliyelelewa hivyo, kukuona unashuka na Biblia yako kurudi Machame siku ya Pasaka ni kama kuambiwa hujaja kukaa. Kinachomuuma ni hofu ya kukukosa, ingawa anaieleza kwa maneno ya dini.

Na mkumbuke tofauti yenu ilikotoka. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema, na Kibosho nako wakaingia wao. Kila mangi, yaani chifu, alipokea wageni waliofika kwake, na watu wakafuata kanisa na shule iliyokuwa karibu na migomba yao. Babu zenu hawakuketi kulinganisha mafundisho ndipo wakachagua. Sisemi hivi kuzidharau imani zenu, maana katika makanisa yote mawili watu wameishi na kufa wakimshika Kristo. Nasema ili mjue kwamba huo mpaka mliupokea tu, hamkuuweka ninyi. Tena tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lenyewe lililowagawa tangu enzi za Luther. Yako mengi ambayo bado hawajakubaliana, na mtayaona kila Jumapili. Lakini mume na mke wa Pasua hawana sababu ya kugombana kwa ukali kuliko maaskofu.

Sasa sala ya nyumbani. Hapa ndipo ningependa muweke nguvu zenu, kabla ya Jumapili, kabla ya michango, kabla ya wakwe.

Mumeo hana upungufu wa imani, na wewe huna kiburi. Mmelelewa tofauti tu. Mtoto wa Kikatoliki hufundishwa kwamba sala ni ya Kanisa zima. Anaipokea ilivyo, anaingia ndani yake, na akifika Salamu Maria ya hamsini katika rozari, akili imeshatulia na moyo uko mbele za Mungu. Wewe umelelewa kwenye maombi ambapo mtu anafumba macho na kumweleza Bwana jambo lenyewe kwa maneno yake. Masikioni mwako, yeye anakariri. Masikioni mwake, wewe unahutubu. Na niseme ukweli mwanangu: ukiomba kwa sauti, "Bwana, mguse mume wangu ajue umuhimu wa kukaa na familia yake," naye amepiga magoti hapo hapo kando yako, basi ana haki ya kusema unamhubiria. Umemsema kwa baba yake mbele yake. Ukiwa na neno naye, mwambie mezani, mlimalize au mlikubali kwamba halijaisha. Kisha ndipo msali.

Mpeane zamu. Usiku wa zamu yake, aongoze kama alivyofundishwa kwao, wewe ufuate. Baba Yetu isemwe kwa maneno ya kwake, "utakalo lifanyike" na "mkate wetu wa kila siku", hata kama ulimi wako unavutwa kwingine. Usiku wa zamu yako, yeye afuate "mapenzi yako yatimizwe" na "riziki yetu", mfike pamoja mpaka "kwa kuwa ufalme ni wako". Baada ya wiki chache mtashangaa kwamba kila mmoja anaijua ya mwenzake. Kwenye Salamu Maria, kama dhamiri yako haikuruhusu kuisema, kaa kimya kwa heshima. Usitoke chumbani, usigune, wala usianze kukunja nguo. Ila mwambie kabla, mchana, msiwe na hasira, ili asidhani unamdharau mama yake wa imani.

Halafu kila mmoja aseme jambo moja la kushukuru na moja la kuombea, kwa sentensi fupi. Yeye anaweza kusema, "Tumshukuru Mungu yule mgeni mzee ameshuka salama." Inatosha. Dakika tano zinatosha pia. Nimeona wanandoa wapya wengi wakijiwekea saa nzima ya ibada kila usiku, na wiki ya tatu hawasali kabisa, kisha wanaona aibu kuanza upya.

Kuhusu zile siku anazokuwa juu, nina pendekezo moja ninalolipenda sana. Chukueni Zaburi ya 121. Ina aya nane tu, inaanza na mtu anayeinua macho kuitazama milima, na ndani yake yumo Mungu asiyeuacha mguu usogezwe, asiyesinzia. Iandike kwa mkono wako kwenye karatasi, aiweke mfuko wa ndani wa koti, kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mkubaliane saa mbili usiku: yeye aisome kambini, wewe uisome Pasua. Simu ikikosa mtandao huko Shira au Barranco, zaburi haihitaji mtandao. Na usiku ule wa kwenda kileleni, wanapoondoka kambi ya Barafu karibu saa sita, mjamzito mara nyingi yuko macho kwa sababu zake. Isome tena. Hiyo ni sala ya ndoa yenu sawasawa na ile mnayopiga magoti pamoja.

Umesema umepoa. Sikubaliani na neno hilo, ingawa nasikia uchungu ulio ndani yake. Ulikuwa binti mwenye jioni zake mwenyewe. Sasa una nyumba, una mume anayerudi na nguo za wiki nzima zenye matope na vumbi la mlimani, na una mtoto tumboni. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 7 anasema wazi kwamba aliyeoa na aliyeolewa huwa na mambo ya kumshughulikia mwenzake, na hasemi kwamba ni dhambi. Torati ilikwenda mbali zaidi. Kumbukumbu la Torati 24:5 inaagiza mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe shughuli nyingine, akae huru nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Israeli ilikuwa na maadui kila upande, lakini Mungu aliruhusu jeshi lipungukiwe mtu ili nyumba changa isimame. Basi na kwaya inaweza kupungukiwa sauti moja kwa muda.

Lakini sikupi ruhusa ya kuacha kila kitu. Chagua kimoja. Maombi ya alfajiri yaache kwa sasa. Kutembea gizani ukiwa na mimba kubwa sikushauri. Kwaya, kama mwalimu wako ataelewa kwamba kuna wiki utakosa, irudie, maana mazoezi yatakutoa kwenye upweke wa zile siku nane. Kabla ya hapo, nenda kamwone mchungaji wako. Ndoa yenu ilifungwa nje ya usharika, na kila usharika una utaratibu wake kwa hilo. Muulize hali yako ikoje, jina lako liko wapi, na Meza ya Bwana utaishirikije. Usikae unakisia, wala usikwepe macho ya wazee wa kanisa. Watu wengi hupotea kanisani kwa kuona aibu ya kuuliza tu.

Jumapili ambazo mumeo yuko mlimani, nenda kanisani kwako bila wasiwasi. Akiwa nyumbani, nawashauri muende pamoja kila inapowezekana, hata kama ni kwenda kotekote. Mkatoliki ana wajibu wa Misa ya Dominika, huwezi kumwomba auache. Ila Misa ya Jumamosi jioni huhesabika kuwa ya Dominika, kwa hiyo kama parokia ya karibu inayo, amalize wajibu wake jioni na asubuhi akusindikize usharikani. Jumapili nyingine wewe umfuate.

Kuna mahali patauma, na ni vizuri mjiandae. Wenzake watakapoinuka kwenda kukomunika, wewe utabaki umekaa. Kwa kawaida utaratibu wa Kanisa lake haukuruhusu kupokea, na kwa utaratibu huo huo yeye hapaswi kushiriki Meza ya Bwana kwako. Msifanye kwa kujificha mkidhani upendo unahalalisha. Kaa, inamisha kichwa, ombea siku ambayo makanisa yatafika mahali pa kula meza moja. Na mkirudi nyumbani, asikudhihaki mtu wala usimdhihaki mtu. Wengine niliowahi kuketi nao wameniambia kwamba kile kiti ndicho kilichowafundisha kuombea umoja wa Kanisa kwa dhati, kwa sababu walikuwa wanaomba kuhusu mtu waliyelala naye kitanda kimoja.

Turudi kwa mama mkwe. Kuna jambo moja ambalo lazima uombe radhi, nalo si kusali. Ni kuondoka bila kuaga, siku kubwa, mwanawe akiwa hayupo. Mumeo akishuka safari hii, mpande Kibosho pamoja. Yeye ndiye aanze kuongea. Hii ni sheria ningependa muishike kwa miaka yote: kila mmoja azungumze na wazazi wake kwa niaba ya nyumba yenu. Aseme, "Mama, mke wangu alikosea kutokuaga, amekuja kukuomba radhi. Kuhusu kusali kwake, tumekubaliana sisi wawili hivi na hivi." Kisha wewe omba radhi kwa ufupi, usijitetee, uingie jikoni. Wazee wetu walikuwa wakipeleka jani la sale, mmea wa kuombea msamaha kwetu Wachaga, na aliyepelekewa hakukataa kusamehe. Kama mama ni wa kizazi kinacholiheshimu jambo hilo, muulize mumeo, huenda jani hilo moja likafanya kazi kuliko maneno yangu yote. Na kwa mama yako Machame, wewe ndiye utakayesema. Usimtume mumeo akabebe lawama za upande wako.

Michango nitaipita haraka, kwa sababu jibu lake ni fupi. Kazi ya mumeo ina msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba pesa inaonekana, Aprili na Mei mvua ikinyesha mifuko inakauka. Kwa hiyo msiahidi kwa mwezi, ahidini kwa safari. Akishuka na bakshishi yake, msubiri alale, aoge, ale. Siku ya pili jioni mtoe kwanza kodi ya nyumba, chakula na kliniki. Kisha mtenge fungu la Mungu, mligawe kati ya bahasha ya parokia na bahasha ya usharika kwa namna mliyokubaliana. Mkiulizwa kwa nini ni kidogo, semeni ndicho tulichonacho. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Kukopa kwenye simu ili utoe ahadi ya jengo sijawahi kukubaliana nako.

Nimeacha ubatizo mwisho kwa sababu ndio mzito.

Ukumbuke yale mliyoyafanya kwa paroko kabla ya ndoa. Katika ndoa ya mseto, kanuni ya 1125 ya sheria ile ile ya Kanisa Katoliki inamtaka Mkatoliki aahidi kwa moyo wa kweli kwamba atafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Wewe hukutakiwa kuahidi, ila ulitakiwa kujulishwa ahadi hiyo. Basi mumeo hana uhuru wa kujifanya hakusema kitu, na wewe huna uhuru wa kujifanya hukusikia. Lakini "yaliyo katika uwezo wake" si ruhusa ya kukuburuza. Mtoto ni wenu wawili, na uamuzi lazima uwe wenu wawili.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, ningekubali mtoto abatizwe kwa baba yake. Sababu yangu ni kwamba neno lilitolewa kabla ya ndoa na wewe ukaingia ukilijua, na sitaki ndoa yenu ianze kulea mtoto kwa kuvunja neno. Ubatizo wenyewe mnautambua pande zote. Ndiyo maana wewe hukubatizwa upya ulipoolewa, na ndiyo maana mtoto asibatizwe mara mbili, hata bibi yeyote akishauri kwa siri. Ila mkubaliane na mumeo, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba mtoto atakujua wewe ni Mlutheri, ataingia kanisani kwako, atajifunza tenzi zako, na hataambiwa na mtu yeyote kwamba mama yake haendi mbinguni. Hayo ndiyo ya kudai. Dai sasa, kwa upole, wakati bado mnaongea ninyi wawili.

Maana Desemba inakuja. Ukoo wote utapanda kutoka Dar, Mwanza na kwingineko, na kila shangazi atakuja na maoni yake. Mkifika Krismasi hamjaamua, wataamua wao. Tumieni Novemba, wageni wakipungua na mumeo akiwa nyumbani zaidi, mwende pamoja kwa paroko, na siku nyingine pamoja kwa mchungaji wako, ili asisikie habari za ubatizo kutoka kwa watu. Paroko huenda akauliza kama mnajulikana kwenye jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwenu, na mara nyingi huhitajika neno la viongozi wa jumuiya kabla mtoto hajabatizwa. Kwa hiyo mumeo aanze leo kuhudhuria kila anapokuwa chini, na akiwa mlimani amtumie mwenyekiti ujumbe. Wewe ukipenda kwenda kukaa nao wakisoma Injili, nenda. Hao ndio majirani zako, na ukiugua usiku ndio watakaokuja.

Na kama ulikuwa unamtaka dada yako wa Machame asimame na mtoto, hiyo njia ipo. Msimamizi mmoja lazima awe Mkatoliki, lakini Mkristo aliyebatizwa wa kanisa lingine anaweza kusimama pamoja naye kama shahidi wa ubatizo. Iko katika kanuni ya 874. Mwambieni paroko mapema, jina la dada yako liandikwe kabla familia ya mumeo haijajaza nafasi zote.